Kukariri Maneno ya Kiingereza si Kuyajua

Katika nyumba nyingi za hapa Mombasa, na bila shaka hata huko bara, hutakosa kukuta daftari moja kuukuu lililogawanywa kwa mistari sehemu tatu. Kushoto pameandikwa neno la Kiingereza, katikati maana yake, na kulia sentensi ya mfano. Daftari hilo laweza kuwa la mtoto wa shule, la kijana anayetafuta kazi, au la mzee aliyeapa kwamba hatakufa kabla hajaweza kujisomea barua zake mwenyewe. Siku hizi wapo hata wanaoletewa neno moja kila asubuhi katika simu zao za mkononi, nalo huja na vipande vile vile vitatu: neno, maana, mfano.

Mimi husomesha Kiingereza darasa la jioni upande wa Likoni, na wanafunzi wangu ni watu wazima: mafundi cherehani, mabaharia wa mashua, walinzi wa usiku, na akina mama wauzao samaki na viazi vya karai. Nimeyapitia madaftari yao mengi, na nimeona jambo moja. Sehemu ya kwanza imejaa, ya pili imejaa, ya tatu tupu. Ukimwuliza mwenyewe sababu, atakujibu, “Mwalimu, mfano wa nini na maana ninayo?” Hapo ndipo penye ugomvi wangu na wao. Nasema hivi, na wanaotaka kubisha na wabishe: ikiwa ni lazima sehemu moja itupwe, basi heri itupwe maana, mfano ubaki.

Hebu nimtaje fundi mmoja wa nguo, ambaye jina lake nitalihifadhi. Kabla hajaingia darasani kwangu, rafiki yake alimwendea na karatasi ya chama kimoja cha akiba na mikopo, akamwomba atie sahihi mahali palipoandikwa “guarantor”. Fundi hakuwa mjinga. Neno hilo alidhani analijua, kwani alipata kununua redio dukani akapewa kikaratasi cha garantii, na muuzaji akamweleza kwamba redio ikiharibika kabla ya mwaka kwisha atatengenezewa bure. Kwake yeye, basi, garantii ilikuwa ni kitu chema kinachomlinda mwenye karatasi. Akatia sahihi kwa moyo mweupe, akanywa chai na rafiki yake, wakaagana.

Rafiki akaacha kulipa. Miezi michache baadaye fundi akaona akiba yake mwenyewe inamegwa, na ilimchukua muda wa miaka miwili hivi kumaliza deni la fedha ambazo hakuzila hata senti. Alipokuja kwangu, neno la kwanza alilotaka kufundishwa lilikuwa ni hilo. Nikamfungulia kamusi, ikasema: mdhamini. Fundi akacheka kicheko kikavu. “Mwalimu,” akasema, “hata wangeniambia mdhamini ningetia sahihi. Mdhamini si mtu wa heshima?”

Ndipo nikamwandikia ubaoni sentensi hii: “If he does not pay, the guarantor pays.” Yaani, asipolipa yeye, hulipa mdhamini. Maneno manane tu, lakini ndani yake mna watu wawili, deni, na mfuko wa nani utakaotobolewa. Darasa zima likanyamaza. Fundi akainakili kwa wino mwekundu.

Hilo ndilo ninalolitetea. Maana ya kamusi hukupa jina la pili la kitu, basi. Sentensi hukuonyesha nani anamfanyia nani nini, na gharama iko juu ya nani.

Wala wazo hili si langu. Waingereza wenyewe, walipotaka kuijua lugha yao, walianzia kwenye mifano. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mjini London mwaka 1755, aliijaza maelfu ya dondoo kutoka kwa waandishi ili kuonyesha jinsi kila neno lilivyotumika. Kisha mwaka 1857 chama cha wanazuoni wa lugha mjini humo kikaazimia kutengeneza kamusi nyingine iliyo kubwa zaidi. James Murray aliyekabidhiwa uhariri mwaka 1879 alifanya kazi ndani ya kibanda cha mabati, akipokea vikaratasi kutoka kwa watu wa kujitolea waliosoma vitabu na kunakili sentensi zenye maneno yaliyotakiwa. Kwanza zilikusanywa sentensi. Maana zikatolewa humo. Sehemu ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884, Murray akafariki mwaka 1915, na kazi ikamalizika mwaka 1928. Miaka sabini na moja tangu kuazimiwa! Anayedhani maneno huokotwa tu kama makoa ufukweni na atafakari hapo.

Lakini kwetu sisi tunaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, mtu wa kumshukuru zaidi ni A. S. Hornby. Bwana huyu alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha, na huko akagundua kwamba kamusi za Waingereza zilitungwa kwa ajili ya Waingereza. Mwanafunzi Mjapani hakuhitaji kuambiwa asili ya neno katika Kilatini. Alihitaji kuambiwa neno linasimama wapi katika sentensi, linafuatwa na nini, na kama lahesabika au halihesabiki. Hornby na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, wakaiandika kamusi ya namna hiyo, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto kati ya nchi yake na nchi aliyoifundisha. Mwaka 1948 ikatolewa tena na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Oxford, na vizazi vyake ndizo hizo kamusi nene ambazo wengi wetu tulizibeba kwapani shuleni.

Hilo la kuhesabika na kutohesabika laonekana dogo, kumbe ndilo linalotuumbua. Sisi husema shauri, mashauri. Basi mtu wetu akiingia katika Kiingereza atasema “an advice” na “advices”, na Mwingereza atakunja uso. Neno “advice” kwao ni kama maji, hulihesabu kwa chombo: “a piece of advice”, kipande cha ushauri. Kadhalika “furniture” na “information”. Ukikariri kwamba “advice” ni ushauri hutaligundua hilo hata ukikesha. Sentensi moja tu ingekutosha.

Sasa yafaa tuulize: sentensi gani? Maana mifano nayo ina ubaya wake. Vitabu tulivyosomea sisi utotoni vilijaa theluji, moshi wa mekoni ukipanda kwenye bomba la paa, na watoto waliokwenda kuchuma matunda ambayo hatujapata kuyaona. Mtoto wa Kwale aliweza kukwambia kwa Kiingereza kwamba theluji imefunika bustani, asiweze kusema kwamba mawimbi ni makali leo na mashua haitoki. Mimi humtaka kila mwanafunzi atunge mfano wake kutokana na kazi yake. Baharia na atie neno katika mashua, mlinzi alitie langoni, muuza viazi alitie karaini. Neno likishanusa jasho la mwenyewe, halitoki tena.

Kuna maneno ambayo Kiswahili chenyewe humtega mwanafunzi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye utamu.

Chukua “borrow” na “lend”. Sisi tuna kitenzi kimoja, tukakipa mkia: kukopa na kukopesha, kuazima na kuazimisha. Mkia huo ndio unaoeleza kitu kinaelekea wapi. Kiingereza hakina mkia huo, kimeweka maneno mawili yasiyofanana kabisa. Ndiyo sababu utamsikia mtu akisema “Borrow me your pen”, huku akidhani ameomba kalamu. Sentensi za kulitibu hilo ni mbili, na lazima zikae pamoja kama mapacha: “I borrow from you. You lend to me.” Mimi naazima kwako, wewe waniazima mimi. Zitenganishe, na ugonjwa utarudi.

Lakini tusijidharau. Njoo kwenye “rent”, uone Mwingereza naye anavyotatizika. Mwenye nyumba akisema “I rent a house in Kisauni”, na mpangaji akisema maneno hayo hayo, hutajua nani anamlipa nani mpaka waongeze neno jingine. Kiswahili kimelimaliza jambo kitambo: huyu amepanga, yule amepangisha.

Na wali je? Mwingereza hulima “rice”, hununua “rice”, hula “rice”. Mswahili hulima mpunga, hununua mchele, hula wali, na anayemwalika mgeni kuja kula mpunga atachekwa mtaa mzima. Vivyo hivyo “uncle” wao ni mjomba, ni amu, ni baba mkubwa, ni baba mdogo, wote wamefungwa katika furushi moja. Mama mmoja darasani aliniuliza, “Sasa mwalimu, wakitaka kugawa urithi hufanyaje?” Nikamwambia hueleza kwa maneno mengi: ndugu wa kiume wa baba, ndugu wa kiume wa mama. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Huruma hiyo nayo ina neno lake. Sisi twasema pole. Pole kwa msiba, pole kwa safari, pole kwa kujikwaa. Mwingereza hana pole. Ana “sorry”, na akilisikia huenda akadhani unakiri kosa. Umwambie “sorry” mgeni aliyeteleza ngazini, atakujibu kwamba si wewe uliyemsukuma! Mashua wetu huyakuta hayo kila siku pwani kwa watalii. Sikatazi mtu kusema “sorry”. Nasema ajue kwamba neno hilo, likivuka bahari, hubadilisha nguo.

Kitenzi kusikia nacho ni mtego. Sisi twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia harufu, twasikia njaa. Kiingereza kimegawanya kazi: “hear” kwa sauti, “feel” kwa baridi na njaa, “smell” kwa harufu. Na anayetaka kusema “nisindikize” akakimbilia “escort me” hajakosa kabisa, ila neno hilo kwa Mwingereza lina bunduki ndani yake: “The police escorted the money to the bank.” Polisi waliyasindikiza mapesa mpaka benki. Rafiki anayekupeleka hadi stendi ya matatu yeye “sees you off”.

Liko kundi jingine la hatari zaidi, la maneno ambayo maana yake kwenye kamusi ni sawa na tabia yake ni mbaya. “Famous” ni mashuhuri. “Notorious” nalo, ukisoma haraka, ni mtu anayejulikana sana. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye bidii, aliandika barua ya kumshukuru chifu wake kwa kuwasaidia kupata kisima, akaianza kwa maneno “To our notorious chief”. Ashukuriwe Mungu kwamba aliileta kwangu kwanza. Neno hilo huandamana na wezi, wahuni na wauaji: “a notorious cattle thief”, mwizi wa ng'ombe aliyekubuhu. Kama vile mtu, neno nalo hujulikana kwa wanaotembea nalo. “Commit” vile vile. Mtu “commits” wizi, “commits” mauaji. Hutamsikia mtu aki-“commit” sadaka.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Sinclair na wenzake walikusanya maandishi mengi mno ndani ya kompyuta ili watazame kila neno linaandamana na nani, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya Cobuild, ambayo maana zake huandikwa kwa sentensi kamili, nyingine zikianza na “if”. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilimkumbuka fundi wangu na sentensi yake ya wino mwekundu.

Tena yapo maneno tuliyoyachukua kwa Mwingereza tukayafanya yetu, na sasa yakimrudia hayatambui. Sisi twaingia hotelini, twanywa chai na mahamri, twalipa, twaondoka. Kwao hoteli ni mahali pa kulala. Kibao cha barabarani kilichomwamuru dereva akae kushoto tumekifanya kiplefti, nacho kimeingia katika ngeli kikapata wingi wake, viplefti, pamoja na vitabu na viti! Na madigadi ya gari, kwa kuwa yameanza na “ma”, wapo walioyapa umoja, digadi. Wengine hulicheka jambo hili na kuliita ushamba. Mimi naliita nguvu ya lugha. Mwingereza naye hakutuacha salama: alichukua safari yetu, ambayo sisi tuliipata kwa Waarabu, akaipunguza hata ikawa kuwinda au kutazama wanyama tu. Theodore Roosevelt aliposhuka hapa Mombasa mwaka 1909 kwenda kuwinda, magazeti ya kwao yakazidi kulieneza neno hilo. Mwambie Mwingereza kwamba shangazi yako yuko safarini Voi kumwona mgonjwa, atakuuliza kama ameona simba.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Wakati wa mtihani wa darasa la nane, ulioanza mwaka 1985 na kufungwa mwaka 2023, watoto wetu wengi walikaririshwa sentensi nzima nzima za kupamba insha. Kila asubuhi katika insha hizo ilikuwa na jua la dhahabu na ndege waimbao. Kila mtu aliyeogopa alitetemeka kama jani. Mtihani umekwenda, mazoea hayajakwenda. Bado nawaona wazazi wakinunua vijitabu vya maneno makubwa makubwa, na mtoto akisifiwa kwa kutaja neno refu ambalo hata mwalimu hulitafuta. Mtoto huyo huyo umwambie aandike barua fupi ya kuomba ruhusa kwa kuwa mama yake ni mgonjwa, hukwama.

Waliobobea katika kazi hii hawakuanzia kwenye maneno makubwa. Michael West, aliyefundisha Bengali kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi, tena akaonyesha katika maana nyingi za neno moja ni ipi inayokutwa mara nyingi. Maneno kama “get”, “run”, “keep”, “put”. Nawaambia wanafunzi wangu: ukiyamiliki hayo kwa mifano, utasoma barua ya benki na kumwelewa daktari, na hilo neno refu la mtoto wa jirani litakusubiri.

Kumradhi, isidhaniwe kwamba ninaposifu kujifunza Kiingereza nakibeza Kiswahili. Wengi wa rika langu twakijua kile kibao cha aibu alichovikwa mtoto aliyesema lugha ya mama shuleni. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliyaeleza mateso hayo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuzikomboa fikira. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekiweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini karatasi za mikopo, za ardhi na za hospitali bado nyingi huja kwa Kiingereza, na mtu haruhusiwi kungoja zitafsiriwe ndipo augue. Darasani kwangu twasomeshana Kiingereza kwa Kiswahili, na sijaona aliyedhurika.

Juma lililopita tulikuwa na neno “perishable”. Nikaandika ubaoni: kitu kinachoharibika upesi. Nikawapa dakika kumi kila mtu alete sentensi yake. Mlinzi akaandika juu ya maziwa. Baharia akaandika kwamba kamba ya katani ni “perishable”, tukabishana naye kidogo, kwani kamba huchakaa, haiozi kwa siku moja kama kitoweo. Kisha akasimama mama muuza samaki, akasoma polepole: “Fish is perishable, so at ten o'clock I sell it cheap.”

Nikamwuliza, mbona anashusha bei asubuhi na mapema vile, saa nne, samaki wakiwa wangali wabichi? Akanitazama kwa mshangao. “Saa nne ya wapi, mwalimu? Saa kumi. Alasiri.” Ikabidi tuufute ubao, tuchore saa, tugeuze saa zetu kuwa za Kiingereza, na saa kumi ikawa “four o'clock”. Akaisahihisha sentensi yake, akaisoma tena kwa sauti. Na kabla sijatoa neno jingine, mlinzi akamwuliza ni gati gani anakouzia, na kama siku ya Ijumaa pia hushusha.